Umefika? Programu ya simu kwa watu wenye kutoka shimoni usiku

KOLWEZI – Vijana wawili wa mtaa wetu wanatafuta kutengeneza programu ya simu yenye itauliza mutu swali moja tu kisha kazi: umefika ku nyumba? Wazo ni dogo. Lakini katika familia yangu tulilipa bei yake mbele ya kulipata.

Ile siku tulitoka kariere watu watano. Ilikuwa siku ya makuta. Negosian alikuwa amepima, akalipa nusu, nusu ingine asema kesho. Tulikunywa munkoyo kidogo pale ku barabara. Ninaandika munkoyo, si lutuku, ju watu wanapendaka kusema kama mukreza akianguka njiani ni pombe njo ilimuangusha. Giza lilikuwa limeisha kuingia. Karibu saa mbili ya usiku kila mutu akachukua njia yake. Wawili walipanda taksi-moto moja kwenda upande wa Luilu. Mimi na mwingine tukaenda kwa miguu. Mulamu wangu, bwana ya ndogo yangu, akapanda kinga yake, lampi ya kichwa inawaka, gunia tupu imefungwa nyuma.

– Kesho, mulamu.

– Kesho, Mungu akipenda.

Njo vile tu tuliachana.

Hakufika. Mutuka kubwa ya mawe ilimupita, vumbi ikafunika barabara yote, kinga ikaingia mu mufereji. Muguu wake ulivunjika pahali pawili, na mufupa ukatoka inje. Simu ilikuwa ndani ya mufuko, lakini batiri ilikuwa imeisha toka mangaribi. Aliita mpaka sauti ikakatika. Alilala mule mpaka karibu saa kumi na moja ya asubui, wakati mama mumoja mwenye kwenda shamba na mutoto ku mugongo alisikia mutu anapiga jiwe ku chuma ya kinga.

Ku hospitali walikata muguu chini ya goti. Daktari hakutulaumu. Alisema tu kama kidonda cha namna hii, chenye udongo ndani, kinahesabika kwa saa. Sisi tulikuwa tumepoteza saa tisa.

Namna gani mutu anaweza kupotea saa tisa, kilometre mbili na nyumba yake, wakati eko na bibi, watoto na marafiki wane wenye walimuona akitoka? Nilimuuliza ndogo yangu. Akajibu: «Mi nilizani alilala kule kule na benzake, sawa vile banafanyaka siku ya makuta.» Nikauliza wenzangu. Wakajibu: «Siye tulizani eko ku nyumba.» Mimi pia nilizani vile. Ule usiku wote watu walilala usingizi muzuri, kila mumoja akifikiri mwingine njo anajua.

Bip haitoshi

Wasomaji watasema: lakini tuko na bip. Ni kweli. Hapa kwetu bip ni lugha nzima. Bip moja: nafika. Bip mbili: niite, sina unité. Bip ya asubui mapema: uamuke, mutuka inapita. Hata inchi zingine zilitengeneza kazi kubwa kutoka shida ile ile. Kule Afrika ya Kusini, mwaka 2000, kijana mumoja wa Vodacom, Nkosana Makate, alitoa wazo la ujumbe wa bure wenye kusema «niite tafazali», kwa sababu muchumba wake hakukuwaka na makuta ya kumupigia. Kampuni ilianza kuitumia mwaka 2001, na mamilioni ya watu wakaitumia. Yeye alipigana mu tribinali miaka mingi ili wazo lake litambuliwe, na mwaka 2016 korti kubwa ya Katiba ikamupa haki.

Lakini bip iko na kasoro moja. Ikikuja, unafurahi. Isipokuja, haisemi kitu. Unasema rezo imekufa. Unasema batiri. Unasema amesahau, alichoka. Unalala. Bip haina mutu mwenye kazi ya kuingoja.

Wazee wetu walikuwa na kitu cha kushinda bip, na hakikuwa na umeme ndani. Baba yangu alifanya kazi chini ya udongo, wakati wa Gécamines, ile yenye ilirizi migodi ya Union Minière kisha serikali kuikamata mwaka 1967. Alituelezaka habari ya jeton. Kila mufanyakazi alikuwa na jeton ya chuma yenye namba yake. Mbele ya kushuka, unapita kwa mutu wa lampi: unaacha jeton, unapewa lampi. Ukipanda, unarudisha lampi, unapata jeton yako. Poste ikiisha, mutu wa lampi anatazama ubao. Jeton ikibaki inaning'inia pale, ni kusema kuna mutu chini. Haulizi kama huyu anapendaka kuchelewa. Anapasha kapita habari, na watu wanashuka kutafuta.

Angalia vizuri ile kazi. Hesabu haianze wakati hatari inatokea. Inaanza wakati mutu anaingia. Na ukimya wenyewe unakuwa alama: jeton isipoondoka, ile njo sauti ya kuomba musaada, hata kama mwenyewe hawezi tena kufungua kinywa.

Sisi wakreza tulibaki bila ile ubao. Tarehe 27 ya mwezi wa sita 2019, udongo uliporomoka mu mine ya KOV, hapa Kolwezi, juu ya wachimbaji wenye waliingia bila ruhusa. Watu zaidi ya 40 wakafa, na hesabu ilikuwa inabadilika siku kwa siku. Pahali hakuna jeton, watu wanahesabiwa kisha kilio, si mbele yake.

Wazo la vijana

Mutoto wa mulamu wangu anasoma informatike kule Lubumbashi. Rafiki yake anatengeneza simu ku soko. Walikaa ku barza ya nyumba juma lile baba alitoka hospitali, na kijana akaniambia: «Yomba, tunataka tutengeneze jeton ya mu simu.» Waliipatia jina «Nafika».

Kazi yake ni hii. Ukitoka kazini, unafinya «Natoka». Unasema utatumia muda gani: nusu saa, saa moja, saa mbili. Unachagua watu watatu wenye watakungoja. Ukifika, unafinya «Nafika», na wale watatu wanapata ujumbe mufupi. Habari imeisha.

Muda ukipita bila neno, simu yako inalia na kutetemeka kwanza, ju mara mingi mutu amesahau tu. Dakika kumi zikipita, mutu wa kwanza anapata ujumbe: fulani alitoka saa fulani, kwa kinga, kupitia barabara fulani, na hakufika. Huyu asipojibu, ujumbe unaenda kwa wa pili, kiisha wa tatu.

Kitu cha muhimu kabisa kilichukua vijana siku mbili za mabishano. Saa isikae ndani ya simu ya msafiri. Ikae mbali, ku mashini ya programu yenyewe. Maana simu inaweza kuzima, kuvunjika, kuibiwa, kuanguka mu maji. Simu ikikufa, saa inaendelea kuhesabu. Mulamu wangu hakukosa bouton ya kuomba musaada. Batiri ilikuwa imekufa, angefinya nini? Alikosa mutu mwenye kuona kama muda umepita.

Wenzetu wa mbali walifika wapi

Vijana hawakudanganyika kama wao ni wa kwanza. WhatsApp inakuruhusu kuonyesha mwenzako pahali uko, ukichagua dakika 15, saa moja, ao saa nane. Ni muzuri, lakini lazima mwenzako akae anatazama, na inataka mega na batiri vyote viwili. Google ilikuwa na programu yenye mutu wa karibu aliweza kukuuliza uko wapi. Usipojibu kwa muda, simu ilitoa jibu yenyewe. Ilianza mwisho wa 2016, ikafungwa mwisho wa 2020. Apple nayo, mwaka 2023, ilitia ndani ya iPhone kitu chenye kufanana sana na «Nafika»: unasema unaenda wapi, simu inapasha mwenzako ukifika, na safari ikisimama bila sababu inakuuliza, usipojibu, inamutumia mwenzako pahali uko na hali ya batiri na ya rezo.

Tunapata masomo mawili. La kwanza: wazo si la ujinga, hata matajiri wanalihitaji. La pili: zile programu zinataka simu ya bei na mega kila siku. Mu kundi letu la watu kumi na mumoja, saba wako na simu ndogo za vitufe, zile za batiri ya siku tatu na lampi ku kichwa. Programu yenye kusahau watu saba ku kumi na mumoja, itafika wapi?

Kwa hiyo vijana wanawaza njia ya nyota na dieze, sawa ile ya kununua unité ao kutazama makuta yako mu simu. Ile njia haiombi mega. Inapita hata pahali intaneti haifike, mradi rezo ya kuita iko. Shida ni kama namba ya namna hii haipatikani bure: lazima kupatana na kampuni ya simu, na kulipa. Hapo njo wamesimama leo.

Maswali ya wamama

Tulipeleka wazo kwa wamama wa lupango yetu na wa jirani, ju wao njo wanangoja. Nilifikiri watapiga mikono. Walituuliza maswali mpaka jua likazama.

Mama wa kwanza: «Hii kintu, bwana yangu ataitumia kunilinda ao kunichunga?» Aliona mbali kushinda sisi. Kitu chenye kuonyesha mutu eko wapi kinaweza kuleta vita mu nyumba. Vijana wakabadilisha: hakuna ramani, hakuna anayeona njia yako, mpaka muda wako wenyewe umepita. Unachagua watu, unaweza kuwatosha. Ukisema «Nafika», habari ya safari inafutika. Na sheria nayo iko: Code du numérique ya inchi yetu, ya mwaka 2023, inalinda habari za mutu, na mwenyewe njo anatoa ruhusa.

Mama wa pili alisema habari ya wezi. Programu yenye kujua kama watu watano wanatoka siku ya makuta, saa mbili, njia ya giza, ni habari tamu kwa mutu mubaya. Kwa hiyo ujumbe hautaje makuta, hautaje kariere, na hauende mu grupe kubwa ya watu mia mbili. Watu watatu tu, wenye unawajua sura.

Mama wa tatu: «Bwana yangu akifika, anavua bottes, analala mbele ya bukari kuiva. Ni nani atafinya?» Tulicheka, lakini hii njo shida kubwa ya jambo zima. Ukiamsha jirani mara tatu kwa bure, mara ya ine hataamuka, na mara ya ine njo inaweza kuwa ya kweli. Tukapatana: bibi ao mutoto mwenye kumuona ameingia anaweza kusema «Nafika» mu pahali pake, kwa simu yake mwenyewe.

Na ndogo yangu, mwenye hakusema kitu toka mwanzo, akauliza swali la mwisho: «Saa ine ya usiku, niko na batoto batano. Ujumbe unakuya asema hayafika. Nifanye nini? Nitoke miye moja mu giza?»

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tunatengeneza kengele, lakini hakuna aliyekuwa amefikiri nani atavaa viatu. Kutoka pale tukaandika kanuni: kati ya watu watatu, mumoja lazima awe na moto ao kinga na awe jirani. Kwanza unaita simu ya mwenyewe. Kiisha unaita mutu wa mwisho mwenye alikuwa naye. Kiisha wanatoka wawili, hapana mumoja, na wanafuata njia yenye mwenyewe alisema atapita.

Kaye mbele ya programu

Mashini inataka makuta na makuta hayajakuja. Kwa hiyo tulianza na kaye ya shule ya kurasa 48. Pale barabara ya kariere inatokea, pembeni ya mama mwenye kuuzisha bukari na samaki, kuna mutu anakaa na kaye na simu ndogo. Ukitoka, unasema jina, saa, njia na namna ya safari. Ukifika, unabip mara mbili. Anakata jina lako na kalamu. Muda ukipita na jina halijakatwa, anaanza kuita. Kila mumoja wetu anamulipa franga 500 ku juma.

Juma la kwanza lilikuwa la aibu. Kila usiku kulikuwa mutu mwenye kusahau. Mimi mwenyewe niliamushwa mara mbili na nikakasirika. Kijana mumoja akasema yeye si mutoto wa shule, hawezi kuandikwa. Tulimuacha, mtu halazimishwi. Juma la pili wamama wakachukua kazi mu mikono: bwana akiingia, bip inatoka mbele ya maji ya kunawa. Makosa yakapunguka.

Juma la tano, jina moja lilibaki. Lilikuwa la yule yule kijana mwenye alikataa, kisha akarudi mwenyewe bila kusema kitu. Alikuwa na taksi-moto, muda wake ulikuwa nusu saa. Simu yake haikuita. Wenzake wawili wakatoka na moto, wakafuata njia yenye iliandikwa mu kaye. Walimukuta anatembea pembeni ya barabara, bila simu, bila viatu, damu ku kichwa. Watu walikuwa wamemusimamisha. Wakamufikisha ku dispansere ule usiku ule. Leo eko kazini.

Sisemi kama kaye ilimuokoa na kifo. Pengine angefika mwenyewe, polepole. Lakini hakutembea ile njia yote peke yake akifikiri hakuna anayejua.

Mbele programu ikuje

Vijana wanaendelea. Wamechora namna ya kwanza ya «Nafika» kwa simu kubwa, na wanaijaribu kati yao. Wanajua sasa kama mashini ni nusu ndogo ya kazi. Familia yenye kusoma hii habari haina lazima ya kuwangoja. Fanyeni hivi toka leo:

Mbele ya kuachana, kila mutu aseme njia yake na saa atafika. «Kesho» haitoshi.

Mupatane kama ukimya si habari njema. Bip isipokuja, mutu mumoja mwenye jina, si «watu wote», eko na kazi ya kuita.

Ujue namba ya simu ya mwenzake na bwana yako wa kazi, na yeye ajue yako. Ule usiku, ndogo yangu hakuwa na namba ya hata mumoja kati yetu.

Andika namba mbili ku karatasi, uifunge mu plastiki, ikae mu mufuko. Simu ikizima, karatasi haizime.

Kwa wakubwa wa kooperative na wa maofisi: ubao wa kuhesabu watu wenye kuingia na kutoka hauna bei kubwa. Wazee walikuwa nao. Si lazima kungoja udongo uanguke tena.

Kuna kitu kimoja sikusema. Mutu mwenye kushika kaye pale ku barabara ni mulamu wangu. Hawezi tena kushuka shimoni. Anakuja kila mangaribi na magongo yake mawili, anakaa ku kiti ya plastiki, anavaa ile lampi ya kichwa ya zamani ili aone kuandika. Ni mukali kushinda kapita wote wenye nimewahi kujua.

Juma lililopita nilifika nyumbani, nikasimama ku mulango wa lupango nikizungumuza na jirani. Simu ikalia.

– Mulamu, jina yako inabaki mu kaye.

– Niko hapa, ku mulango.

– Ingia kwanza. Njo utaniambia unafika.